Sabuni ni Ile Ile, Wenyewe Wamebadilika

Ingia katika duka lo lote la Izia, hapa mjini Sumbawanga, wakati wa magharibi, watu wanaporejea kutoka sokoni na mashambani. Juu ya rafu utaona mche wa sabuni uliokatwa vipande, paketi za sabuni ya unga, makopo ya Blue Band, majani ya chai, na kando yake dumu la mafuta ya kula yanayouzwa kwa kipimo. Mtoto huingia, huweka sarafu zake mezani, husema, "Naomba omo." Mwuza duka humpa sabuni ya unga yenye jina jingine kabisa, na mtoto huondoka. Nyumbani hapana anayemrudisha, kwa kuwa jina la bidhaa moja limekwisha kuwa jina la bidhaa zote za aina hiyo. Kampuni kubwa huanza kwa kuingia dukani, na ikidumu huingia katika lugha.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza yanamhusu nini mambo ya duka la Izia, juu katika uwanda wa Ufipa, mbali na harufu ya bahari. Yanamhusu kwa sababu rafu ni ile ile. Shehena inayoteremshwa bandarini kwake, na ile inayopandishwa kwa lori kupitia Tunduma hadi huku, aghalabu hutoka kwa wenyewe wale wale. Fauka ya hayo, mojawapo ya nyumba kubwa za biashara hiyo duniani, yaani Unilever, ilijengwa juu ya kitu ambacho wazee wetu wa visiwani walikijua kuliko watu wengi: mafuta yatokanayo na mbata.

Makala haya yataeleza jinsi nyumba hiyo ilivyokua kwa kununua nyumba za wengine, na jinsi baadaye ilivyoanza kuuza ilivyovinunua. Nia si kusifu wala kulaani. Nia ni kutafuta jibu la swali moja: mali inapopita kutoka mkono hadi mkono, nani huwatazama wale wasiopita, yaani mkulima, mfanyakazi na mnunuzi?

Kipande kilichofungwa karatasi

William Lever alikuwa mwana wa mwuza vyakula wa mji wa Bolton, Uingereza. Zama zile sabuni ilikatwa kutoka katika mche mrefu na kupimwa mbele ya mnunuzi, kama inavyofanyika hadi leo katika maduka yetu. Lever aliikata mapema, akaifunga katika karatasi, akaipa jina la Sunlight, na akalitangaza jina hilo kila mahali. Mwaka 1885 yeye na ndugu yake walianza kuitengeneza wenyewe katika kiwanda cha kukodi mjini Warrington. Wengine wakitumia zaidi shahamu ya ng'ombe, wao walitegemea zaidi mafuta ya mimea, na miongoni mwa hayo yalikuwamo ya mbata. Mwaka 1888 walianza kujenga kiwanda chao na mji wa wafanyakazi, wakauita Port Sunlight.

Mwaka 1906 bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda. Lever na watengenezaji wakubwa wenzake wakakubaliana kuungana ili wasishindane. Wakati huo huo kipande cha Sunlight kilichozoeleka kuwa ratili moja, yaani wakia 16, kilipunguzwa kikawa wakia 15, na bei haikupungua. Gazeti la Daily Mail lililipigia jambo hilo kelele, likaandika kwamba matajiri wamefunga njama dhidi ya mama wa nyumbani. Wanunuzi waligeuka, na muungano ule ukavunjwa kabla ya mwaka kwisha. Lever alilishitaki gazeti kwa kashfa, na mwaka 1907 akalipwa pauni 50,000. Mahakamani alishinda, bali somo alilijua: akiungana na washindani wake hadharani, watu watapiga kelele, akiwanunua mmoja mmoja, watu hawatatambua.

Ndivyo alivyofanya. Mwaka 1917 aliinunua kampuni ya sabuni ya Pears. Mwaka 1919 alizitwaa nyumba za Crosfield na Gossage, zilizokuwa washindani wake wakubwa. Kila alipomnunua mshindani aliliacha jina lake juu ya paketi. Mnunuzi aliyeichukia Sunlight akaenda kununua ya mwingine hakujua kwamba fedha yake inaingia katika mfuko ule ule. Hapa ndipo ilipo siri ya ukuaji wa namna hii: majina juu ya rafu huwa mengi, na wenyewe huwa wachache.

Kutoka sabuni kwenda kwenye michikichi

Mwenye kiwanda asiyekuwa na mafuta yake mwenyewe hulala na wasiwasi. Kwa hiyo Lever alikwenda kuyatafuta yanakoota. Mwaka 1911 alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji akapewa maeneo matano ya michikichi katika Kongo, ambamo aliruhusiwa kuchukua hadi hekta 750,000. Mji wa Lusanga ukabandikwa jina la Leverville. Mkataba ulitaja shule, hospitali na ujira. Lakini vibarua waliokwea michikichi ile, wengi wao walipelekwa kwa nguvu za watawala wa kikoloni na kwa kulazimishwa na kodi. Mwaka 1931, bei ya ngazi za mchikichi ilipoanguka na kodi isianguke, Wapende wa Kwilu waliasi, na mamia ya watu waliuawa katika kuzimwa kwa uasi huo.

Mwaka 1920 Lever alitamani zaidi ya uwezo wake. Aliinunua Kampuni ya Niger ya Afrika Magharibi kwa zaidi ya pauni milioni 8 bila ya kukagua vizuri vitabu vyake. Baada ya kununua ndipo ilipobainika kwamba ilikuwa na deni kubwa la benki, na papo hapo bei za mazao zikaporomoka. Wahenga wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tajiri mkubwa wa sabuni alilipa gharama kubwa kujifunza jambo ambalo mwuza duka wa Izia analijua kwa penseli na daftari la mikopo.

Lever alifariki mwaka 1925. Mwaka 1929 warithi wake walikubaliana kuungana na Margarine Unie ya Uholanzi, ambayo nayo ilizaliwa mwaka 1927 kwa muungano wa nyumba mbili za siagi ya mimea, Jurgens na Van den Bergh. Hoja yao ilikuwa nyepesi: sabuni na siagi hiyo hugombania mafuta yale yale, basi kwa nini zigombane? Hivyo ndivyo Unilever ilivyopatikana. Mwaka huo huo wa 1929 biashara zake za Afrika Magharibi ziliunganishwa na za mshindani wao zikawa United Africa Company.

Karanga za Kongwa

Kwa jina hilo la mwisho nyumba hii iliingia katika historia ya Tanganyika. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Mkurugenzi wa United Africa Company, Frank Samuel, aliipelekea serikali yake pendekezo la kulima karanga kwa mitambo katika Afrika Mashariki. Serikali ilikubali, na kampuni yake ikapewa kazi ya kuanzisha mpango huo mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, kabla ya shirika la serikali kuushika mwaka uliofuata. Ekari zilizokusudiwa zilizidi milioni 3. Matrekta yalivunjikia katika visiki vya mibuyu, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikufuata ratiba ya ofisi za London. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 zikawa zimepotea.

Tuzingatie jambo moja. Fedha ile haikuwa ya kampuni, ilikuwa ya umma wa Uingereza. Ardhi ile haikuwa ya kampuni wala ya umma wa Uingereza, ilikuwa ya wenyeji wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulipokufa, kampuni iliendelea kuuza sabuni, na mwenyeji aliachiwa ardhi iliyochubuliwa.

Mnunuzi naye huuza

Katika miaka ya 1950 Unilever iliingia katika kampuni ya East Africa Industries ya Nairobi. Kutoka humo Blue Band, Omo na mafuta ya Kimbo yalienea Kenya, Uganda na kwetu. Mwaka 1984 iliinunua Brooke Bond, na kwa ununuzi huo mmoja uliofanyika London, mashamba ya chai ya Kericho nchini Kenya na ya Mufindi mkoani Iringa yakabadilisha mwenyewe. Mchumaji wa chai wa Mufindi alilala akiwa mtumishi wa nyumba moja, akaamka akiwa mtumishi wa nyumba nyingine. Kikapu chake ni kile kile, na majani ni yale yale. Mwaka 2000 iliinunua Bestfoods ya Marekani kwa zaidi ya dola bilioni 20.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Mwaka 2002 mafuta ya Kimbo na Cowboy ya Kenya yaliuzwa kwa Bidco, kampuni ya ukoo wa Shah iliyoanza kwa biashara ya nguo huko Nyeri, kisha ikahamia katika mafuta ya kula mjini Thika. Aliyekuwa mdogo alinunua majina ya mkubwa, na mpishi wa Nairobi hakuona tofauti katika sufuria yake. Mwaka 2009 mashamba ya michikichi ya Kongo yaliuzwa kwa kampuni ya Feronia ya Kanada. Mwaka 2018 biashara ya Blue Band na siagi nyingine za mimea iliuzwa kwa KKR, mfuko wa fedha wa Marekani. Mwaka 2022 sehemu kubwa ya biashara ya chai, pamoja na mashamba ya Kericho na Mufindi, ilikwenda kwa mfuko mwingine wa fedha, CVC, kwa thamani ya yuro bilioni 4.5. Na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mashamba ya Afrika Mashariki yatauzwa tena, mara hii kwa Browns ya Sri Lanka.

Mtu aliyeanza kuchuma chai Mufindi kijana wa miaka 20 mwaka 1983 amezisikia habari hizi zote kabla ya kuzeeka, na kila mara alisomewa tangazo baada ya mambo kwisha kuamuliwa. Hatusemi kwamba kila mwenyewe mpya alikuwa mbaya. Twasema kwamba katika mauzo yote hayo mchumaji alihesabiwa pamoja na mashamba.

Sisi wenyewe tulinunua, kisha tukauza

Itakuwa dhuluma kumtupia jiwe mgeni peke yake. Mwezi Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali yetu ilitwaa makampuni kwa wingi ambao hata Lever angeushangaa. Vinu vya nafaka vilitaifishwa vikawa msingi wa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Makampuni ya kuagiza na kusafirisha bidhaa yaliunganishwa yakawa Shirika la Biashara la Taifa. Katika viwanda vya viatu vya Bata, vya sigara, vya bia na vya saruji, umma ulichukua hisa zilizo nyingi. Huo nao ulikuwa ukuaji kwa kutwaa, tofauti yake ikiwa nia: mali iwe ya wote.

Hapa Rukwa nia hiyo haikuwa maneno matupu. Mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 1974 ulikuwa mbali na kila kitu. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, iliyolipwa na NMC, ilimwezesha Mfipa kuuza gunia lake kwa bei aliyolipwa mkulima aliye karibu na reli. Ndipo Rukwa ilipohesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la taifa. Kwa upande mwingine, wazee husimulia jinsi miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni ilivyoadimika katika maduka, hata watu wakafulia majani ya mpapai. Gharama ya kuyafuata mahindi hadi huku ililielemea shirika, madeni yakajaa, na vinu na viwanda vingi vikasimama kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni. Nia njema pasi na daftari zuri ilileta hasara ile ile iliyomkuta Lever katika Niger.

Ndipo katika miaka ya 1990 Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilipopewa kazi ya kuuza. Miongoni mwa walionunua ni MeTL, nyumba ya ukoo wa Dewji iliyoanza kwa biashara mkoani Singida. Leo ina viwanda vya nguo vya Morogoro na Musoma vilivyojengwa kwa fedha ya umma, ina mashamba ya mkonge, na sabuni na mafuta yake yamo katika rafu za Izia na za Darajani. Kando yake uko unga wa Azam wa Bakhresa, ambaye ni mzaliwa wa Unguja. Ni jambo la fahari kwamba wenyeji wamesimama mahali waliposimama wageni peke yao. Lakini kanuni ya biashara haibadiliki kwa rangi ya mwenyewe wala kwa pasi yake ya kusafiria. Anayenunua leo aweza kuuza kesho, na mwenye rafu nzima aweza kupunguza wakia moja asionekane.

Yawapasayo wenye dhamana

Sheria tunazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliweka Tume ya Ushindani, na makampuni makubwa yanapotaka kuungana au kununuana hutakiwa kuiarifu kwanza, ili ipime kama soko halitaangukia katika mkono mmoja. Zanzibar nayo ina Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Kilichobaki ni kuzitumia kwa niaba ya yule asiyejua kwamba zipo.

Ofisa anayeletewa karatasi za mauzo ya kiwanda na aulize mambo manne kabla ya kutia sahihi. Kwanza, mnunuzi anataka mashine zizunguke, au anataka kiwanja, au anataka kumwondoa mshindani sokoni? Yapo majengo katika nchi hii yaliyonunuliwa yakiwa viwanda, yakaishia kuwa maghala. Pili, malighafi itatoka wapi? Kwa miaka mingi nchi yetu imekuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia, ilhali alizeti inaota Ufipa na michikichi inaota Kigoma. Tatu, wafanyakazi na wakulima wenye mikataba wamesikilizwa kabla ya mauzo, au watasomewa tangazo? Nne, masharti yakivunjwa, nani atakwenda kukagua baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano? Sharti lisilokaguliwa ni pambo la karatasi.

Wananchi nao wana sehemu yao. Huku Sumbawanga zimo mashine ndogo za kukamua alizeti, ambazo wenyewe ni watu wa hapa hapa. Mafuta yake ni mazuri na mashudu hulisha mifugo. Udhaifu wao ni kwamba kila mmoja yu peke yake: hana ghala la kuwekea mbegu msimu wa bei nafuu, hana chupa yenye jina linalojulikana, wala hana mtaji wa kungoja. Mtu wa namna hiyo akijiwa na mnunuzi mwenye fedha taslimu, atauza, na hapana wa kumlaumu. Lakini wakiungana katika ushirika wenye daftari safi, na mafuta yao yakapewa jina moja, watakuwa wamejifunza kutoka kwa Lever lile lililo jema bila ya kurithi lililo baya. Na hilo linamhusu vile vile mwenye minazi wa Makunduchi au wa Wete, ambaye nazi yake huondoka shambani bila jina.

Rafu ya duka la Izia haitabaki kama ilivyo. Majina mengine yatauzwa, mengine yataunganishwa, mengine yatakufa. Mtoto wa magharibi ataendelea kuomba omo, akapewa iliyopo. Tunachoweza kukilinda ni kwamba uzani wa kipande chake uwe wa kweli, bei yake iwe ya haki, na katika mafuta yaliyotengeneza kipande hicho liwemo jasho la mkulima wetu lililolipwa kikamilifu. Hayo yakitimia, mwenyewe wa kiwanda na abadilike mara ngapi apendavyo.